Vidole Viwili vya Kilima cha Pugu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Nilipewa dodoki. Mkuu wa Chumba cha Mifano, Mpare mmoja mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniwekea mkononi dodoki la kuogea na mkasi, akasema, "Haya binti, nataka msitu kabla ya saa kumi." Nikamtazama nikidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka kwetu Temeke na cheti cha ushonaji mkobani, viatu vya kuazima miguuni, na nilivyoelewa mie nimeajiriwa kushona mapazia ya chuo.

Nyie mnaosoma haya huenda hamjui kama chuo cha kufundishia madereva wa treni kilikuwa na chumba cha namna ile. Meza moja ndefu, na juu yake reli ndogo, stesheni, madaraja, na treni inayotembea kwa umeme. Hapo ndipo mwanafunzi alipojifunzia kabla hajakabidhiwa treni yenye watu. Sie wa mandhari tulitengeneza kila kitu kisicho reli: vilima, mito, vichaka, vibanda, hata ng'ombe. Kipimo chetu kilikuwa moja kwa themanini na saba, yaani mtu mzima ukimpunguza anabaki na urefu wa sentimita mbili hivi. Ukimdondosha sakafuni, utamtafuta mpaka uchoke.

Lile dodoki nililikatakata, nikalichovya kwenye rangi ya kijani, nikabandika vipande kwenye vijiti. Saa kumi Mkuu akaja. Mie nimesimama kifua mbele, msitu wangu huo hapo. Akaniambia, "Weka kidevu mezani." Nikashangaa. "Weka, binti. Ukisimama unaona kama kunguru. Dereva si kunguru." Nikainama. Wallahi, kutoka kule chini, miti yangu yote ilikuwa inaelea, mashina hayajagusa ardhi! Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, na kuanzia hapo kazi ile ikaniingia.

Nilizaliwa mdadisi, na kazi ile ilinipa ruhusa ya kudadisi. Kumbe majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, ukiyaanika vizuri, yanakuwa udongo wa msituni. Kumbe unga wa mbao ukiupaka rangi ni nyasi, na kumbi la nazi lililochambuliwa ni nyasi za kiangazi. Vilima tulichonga kwa yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na televisheni, tukayafunika plasta. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwamba kutembea na mie ni mateso, maana kila mtaro nasimama kuchungulia rangi ya maji. "Unatafuta nini humo, mama?" Namwambia naangalia tu.

Baadaye nikahamishiwa tawi letu la bara, chini ya Mkuu wa Karakana ambaye hakuwahi kusema asante hata ukimtengenezea mlima Kilimanjaro. Huyo alipenda kipimo tu. "Rula haina huruma," alikuwa akisema, huku anakung'olea kibanda kilichozidi nusu sentimita. Nilimchukia miaka mitatu mizima. Nikarudi Dar, na kwa kuwa walionitangulia wote walikuwa wamestaafu, nikawa mie ndiye Mkuu wa Chumba.

Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Kwenye pua ya kichwa cha treni yetu ndogo waliweka kamera ndogo kama punje ya hindi. Mwanafunzi anakaa chumba cha pili, anaendesha akitazama kwenye skrini, anaona kile ambacho dereva angeona. Mkaguzi wa Mitihani anabaki kwetu, kasimama kando ya meza na karatasi yake.

Umebaki mwezi mmoja nistaafu, nikaamua kuwaachia kazi ya kukumbukwa: kona ya Pugu, pale reli inapopinda kati ya vilima. Nilikwenda mwenyewe mara nne kuangalia wekundu wa ule udongo. Nikachonga, nikapaka, nikapanda vichaka kimoja kimoja kwa koleo la nyusi. Lakini kilima chenyewe, kwa kipimo sahihi, kilionekana kimelala tu kama mkate ulioshindwa kuumuka. Kila mtu wa mandhari anaujua ugonjwa huu. Kilima cha kweli ukikipunguza kwa rula, kinakufa. Basi nikakiongeza urefu. Vidole viwili tu. Kikasimama, kikapendeza, hata mfagizi akaleta wenzake waje kukiona.

Reli na taa ya kona ile vilikuwepo tangu zamani, wanafunzi wakifanyia mazoezi; kilima kilikaa mezani Jumamosi. Jumatatu ukawa mtihani.

Walifanya wanafunzi ishirini. Kumi na tisa walipita kona ile vizuri. Wa ishirini alikuwa Anjela, mama kijana wa Kimara aliyeacha kazi ya ukarani aje kujifunza treni. Alishafeli mara moja, na chuo hakikuwa na nafasi ya tatu. Alipofika kwenye kona yangu akasimamisha treni. Akaita kwenye redio, "Naomba maelekezo." Mkaguzi akatazama taa ya ishara: kijani, inawaka vizuri kabisa. Akangoja. Treni haikwenda. Muda ukaisha. Akaandika, na sote tulijua ameandika nini.

Nilimkuta Anjela bombani ananawa uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulisimama kwa nini? Umeona nini?"

"Sikuona kitu, mama. Taa haikuwepo. Na tulifundishwa, mahali penye taa usipoiona, ihesabu ni nyekundu."

Nilikasirika, nasema kweli. Taa haikuwepo vipi, wakati nguzo yake niliipaka rangi mie mwenyewe? Nikarudi chumbani kuhakikisha. Hakukuwa na mtu. Nikaweka kidevu mezani, nikatazama kutoka usawa wa reli. Kilima. Kilima tupu. Taa ilikuwa nyuma yake, imezibwa yote, na kilichoiziba ni vile vidole viwili vyangu.

Wiki mbili nistaafu, kadi za kuniaga zimeshachapwa, wageni wataletwa waone kilima cha Mama Mifano, jina walilonipa pale chuoni. Nikachukua kisu. Nilikuwa nimeshakigusisha kwenye plasta, nikijiambia nakipunguza sasa hivi, napaka rangi, nani atajua? Halafu nikaelewa nilichokuwa nakifanya. Nikikikata, taa itaonekana, na yule mtoto wa watu atabaki mwongo maisha yake yote. Nikakiweka kisu chini, nikaenda kumwita Mkaguzi.

"Nakuomba uweke kidevu mezani," nikamwambia.

"Mama, mie na tumbo hili?"

"Nakuomba, Mkaguzi."

Akavua kofia, akapiga magoti, akahema. Akaweka kidevu mezani, akafumba jicho moja.

"Taa iko wapi?"

"Nyuma ya kilima. Nimekiongeza vidole viwili. Nilitaka kipendeze."

Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliinuka taratibu, akajifuta vumbi magotini, akachukua ile karatasi yake akaitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mama," akasema, "wamepita watu kumi na tisa hapa leo. Wao waliona nini?"

Jamani! Hilo mie sikulifikiria hata kidogo. Darasa zima likaitwa. Mkaguzi akawauliza mmoja mmoja kama waliiona taa ya kona ya Pugu. Mwishowe kijana mmoja akasema, "Huwaga kijani siku zote, Mkaguzi." Wengine wakainamisha vichwa. Akamgeukia Anjela, akamuuliza kwa nini hakulalamika kwamba kilima kinamziba.

"Nilidhani kimewekwa makusudi," akajibu. "Nilidhani ndio mtihani wenyewe."

Wachache wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Kumi na tisa wakarudia mtihani Jumatano, na Anjela akapewa cheti chake. Kilima nilikikata mbele yao wote, na nilipokuwa nakikata nililia, sitawaficha, maana kilikuwa kizuri.

Sasa nipo Tegeta, nimestaafu, miguu inauma. Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda msibani Morogoro. Katikati ya pori treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Hakuna stesheni, hakuna nyumba. Dada aliyekaa pembeni yangu akasonya. "Huyu dereva naye! Porini huku anasimamia nini?"

"Mwache, mwanangu," nikamwambia. "Kuna kitu hajakiona."

"Kwani unamfahamu?"

Nikasema simfahamu, na kweli sikujua ni nani aliyekuwa mbele kule. Nikafungua chupa ya chai, nikammiminia na yeye, tukangoja.