Wiki Mwenyekiti Alipewa Maji Yetu Yote

Rafiki yangu, wewe naweza kukuambia hii bila kuogopa itafika kwa kamati ya kisima. Kaa hapo, chai iko.

Miaka ile watu walivaa simu kwa mshipi, mimi nilikuwa nasoma kompyuta masomo ya jioni hapa Kitengela, mama mzima na daftari kwapani. Mwenyekiti wa kisima chetu akaenda semina Kajiado, akarudi na neno moja tu: kisasa. Akaambia darasa letu tuingize kwa kompyuta zamu za maji, kila nyumba na siku yake ya kufunguliwa mfereji.

Mimi nilimwomba Mungu zamu yangu ya Ijumaa isiguswe. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kuuliza msichana wangu, na wageni wa mahari huwezi kuwapikia chai na mate.

Mwalimu alitueleza polepole. "Kompyuta inachukua jina, inaweka kwa kikombe, inamwaga kwa jedwali, inarudi kuchukua lingine. Inazunguka hivyo mpaka majina yaishe."

Mwenyekiti akakohoa. "Na mimi natambuliwa wapi?"

"Wewe ndiye wa kwanza, mzee."

"Haitoshi. Hata kwa harambee, kila mtu akisimama anaanza na mimi. Hiyo mashini ikizunguka, kila mara itambue mwenyekiti kabla ya kumwaga."

Mwalimu alikuwa anangoja kuunganishiwa maji na kamati hiyo hiyo. Akaandika alivyoambiwa. Sasa kikombe kinabeba jina moja tu. Jina la nyumba likiingia, la mwenyekiti linalisukuma nje, halafu ndilo linamwagwa.

Ijumaa asubuhi mfereji wangu ulitoa hewa. Nikabeba mtungi mpaka kisimani kwa mzee Mmasai anayefungua maji.

"Takwenya, yeiyo," akanisalimu kwa Kimaasai, yeiyo ndiyo mama.

"Iko," nikaitikia kwao. "Na maji yangu iko wapi?"

Akanionyesha karatasi ya kompyuta. Jumatatu, mwenyekiti. Jumanne, mwenyekiti. Ijumaa yangu, mwenyekiti. Hata Jumapili, siku ya Bwana, mwenyekiti.

"Lakini si wewe unanijua?"

"Mimi nakujua, yeiyo. Kompyuta ndiyo haikujui."

Nikakalia mtungi wangu, nikaanza wimbo wa kanisa kwa sauti, nikasema sitoki hapo. Mwalimu akaitwa, akaeleza kosa. Mwenyekiti akasema mstari wa kumtambua hauwezi kufutwa bila kikao, na kikao ni mwezi ujao. Nikaanza ubeti wa pili.

Ndipo bibi wa mwenyekiti akatokea, lesso imelowa mpaka magoti.

"Baba watoto, tanki inamwaga tangu Jumatatu! Kuku wanaogelea! Choo imejaa! Mtoeni huyu mzee kwa kompyuta leo, ama atalala na hao kuku!"

Kikao kilifanyika hapo hapo, watu wamesimama. Mwalimu alifuta ule mstari, akasafisha jedwali, akazungusha tena. Kila nyumba ikapata jina lake, na kabla ya jioni mfereji wangu ukaimba kuliko mimi.

Wakwe walinawa, wakala, wakakubaliana na sisi. Mwenyekiti naye alikuja, akasimama kushukuru kisasa. Alianza kwa kumtambua mwenyekiti.

Sasa wewe mwambie mwenzako, akae Kimuka ama Embulbul, popote penye kisima na kamati. Lakini mwambie kabla mwenyekiti wao hajaenda semina.