Mtetezi wa Jikoni

Melkiori simpendi, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu naandika habari zake. Kwao Kilimanjaro alifundisha Kilatini na historia seminarini. Hapa Saint Paul, Marekani, alikuwa akiogesha wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, shifti moja na mimi. Mikono yake ilikuwa kwenye sabuni, mdomo ulikuwa Roma.

Ndiye aliyetuambia jinsi walalahoi wa Roma walivyochoshwa na vigogo, wakauhama mji, wakaenda kukaa mlimani. Vigogo wakabaki hawana wa kuwapigania vitani. Wakanywea, wakakubali walalahoi wawe na watetezi wao, ambao wakisema "nakataza," jambo linakufa papo hapo.

Chama chetu cha Watanzania kilikuwa Roma tupu. Waanzilishi, waliokuja zamani kusoma, walipiga kura. Sisi tuliokuja baadaye tulipika pilau. Basi Desemba 2006, siku ya sherehe ya Uhuru, wanawake wote wa jikoni tukapakia masufuria kwenye magari, tukaenda kupika na kula kwa mwenzetu Ikupa, kule mji wa Savage. Waanzilishi wakabaki ukumbini na suti zao na soda. Wiki haijaisha, mwenyekiti akapiga simu: tuchague mtetezi wetu, akae meza kuu, naye awe na uwezo wa kukataza.

Tukamchagua Melkiori. Mjinga mimi nilipiga vigelegele kuliko wote.

Machi likaletwa pendekezo kwamba kila mwanachama apige kura. Waanzilishi wengi walikuwa wameshalainika, lingepita. Kulikuwa na maneno kwamba Melkiori ameahidiwa umakamu mwenyekiti, nami nilikuwa nabisha. Akasimama, amevaa tai mpya.

"Nakataza," akasema. "Wakati bado."

Mwenyekiti akampigapiga bega. Nilitamani kumrushia kiti. Badala yake nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, Mwalimu. Yule Oktavio, mtetezi aliyewazuilia walalahoi ardhi ili awafurahishe vigogo, si walimchinja?"

Nilijua hawakumchinja. Lakini nilimjua na yeye, hawezi kusikia historia imekosewa akanyamaza.

"Hapana, Victoria," akasema. "Hawakumchinja. Wale wale waliomchagua walipiga kura, wakamvua cheo cha..."



"Basi sisi ndio tuliokuchagua," nikamwambia. "Tena ulitufundisha vizuri, Mwalimu."

Ikupa alitangulia kunyoosha mkono. Nilipogeuka, jiko zima lilikuwa limenyoosha, mikono bado inanuka vitunguu. Melkiori alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama meza.

Tukamweka Ikupa kwenye kile kiti. Pendekezo lilipita kabla pilau haijapakuliwa, na Melkiori tukampakulia wa mwisho.