Mpira Nilioutoa Nje

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo za stoo, na sikuzitumia hata mara moja. Enzi hizo viwanda vya umma viliajiri wachezaji kwa jina la makarani. Meneja Utumishi alinipima kwa macho, akasema, "Cheo chako karani wa stoo. Kazi yako namba tano." Namba tano ni beki wa kati, yule anayelaumiwa kwa kila bao.

Kocha wetu, mzee wa Haneti mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa na sheria yake. Mtu akianguka akaumia, hata awe mpinzani, toa mpira nje. Akishatibiwa, wenzake watawarudishia. "Asiyerudisha," alisema, "msimsalimie mpaka mechi ijayo." Nilimpenda mzee yule, na miguu yangu ilimtii miaka tisa.

Kisha goti likaniacha. Nilirudi kutoka hospitali ya Mvumi nikichechemea, nikakuta kiwanda kimebinafsishwa. Mwekezaji alitukusanya getini. "Nimenunua mashine," alisema, "sikununua timu." Jezi zetu wakapewa wafagiaji wafutie madirisha. Nililia, sioni haya kusema.

Aliyeniokoa ni Mama Neema, mwenye ukumbi wa gemu karibu na soko, aliyetaka tumwite Mkurugenzi. Aliniajiri nisimamie zamu: anayefungwa anaachia pedi, kile kidude cha vitufe kinachowaongoza wachezaji kwenye televisheni. Wateja wakichelewa, nilicheza mwenyewe. Vidole vilikuwa vizito, lakini mtego wa kuotea niliujua tangu uwanjani. Mwaka haukwisha, nikawa sifungwi ovyo.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya gemu. Bingwa wa Dodoma angepewa jezi na kwenda Dar es Salaam. Niliitaka jezi ile kuliko mshahara.

Fainali nilikutana na Elia, mwanafunzi wa chuo, mwenyeji wa Zuzu. Bao moja kwa moja, dakika za mwisho, mpira ninao mimi, mchezaji wake kalala chini anajikunja. Kidole kikabonyeza chenyewe, mpira ukatoka nje. Ukumbi ukaangua kicheko. Elia akarusha haraka, akafunga.

"Mzee wangu!" Mkurugenzi alishika kichwa. "Mle ndani hakuna anayeumia!"

"Najua, Mkurugenzi. Lakini ameanguka."

Elia alinifuata nje. "Shikamoo, mzee. Kwa nini uliutoa?"

Nikamweleza sheria ya kocha. Akachorachora mchanga kwa kiatu. "Basi mimi ndiye sikurudisha."

Kesho yake aliniletea jezi. Kila bingwa aliruhusiwa kocha mmoja, na mgongoni alikuwa ameandikisha neno hilo: KOCHA.

Mechi ya kwanza Dar, bado bila bila, mchezaji wa mpinzani akaanguka. Elia akautoa mpira nje. Watu wakacheka kama kwetu. Akanigeukia.

"Kocha, atarudisha?"

"Tusubiri."

Hakurudisha. Tulifungwa, tukapanda basi kurudi Dodoma siku ileile.

Sasa vidole vimelifuata goti, nami nimestaafu mara ya pili. Vijana huniuliza nilileta kombe gani. Sikuleta. Ila getini kwa mwekezaji nililia kwa kuwa nimepoteza timu. Ndani ya basi lile, Elia kasinzia begani kwangu, nililia tena kwa kuwa ninayo.