Filamu ya Kifaransa imenitoa siri ya ndoa yangu

Leo nimesema jambo nililotaka kuzikwa nalo.

Daktari ameshaniambia siku zangu ni chache. Bon, basi, hiyo si habari ya leo.

Mimi na binti yangu tulikuwa sebuleni, hapa Buffalo, Marekani, tukitazama filamu ya Kifaransa. Mama tajiri anampenda kijana anayemtunzia bustani.

Furaha, mjane wa miaka arobaini na saba, akafoka: "Mama mzima na boyi wake! Hana haya?"

Nikaona nikinyamaza nitakufa mwongo.

"Furaha, papa yako alikuwa mpishi wa baba yangu. Na ninamzidi miaka tisa. Umri tuliowaambia ninyi watoto si wa kweli."

Niliogopa hata kumtazama.

Mume wangu akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Donc, kumbe umesema! Nimwambie pia ulivyokuja kuniomba chumvi kila siku?"

Furaha akacheka mpaka akalia. Kisha, polepole: "Mama, kuna mtu kazini. Anapakia malori. Ana miaka thelathini na sita."

Anakuja kula Jumapili. Mzee wangu ameuliza swali moja tu: anajua kupika?

Jamani, niombeeni niifikie hiyo Jumapili.