X Nne na Jina la Mtakatifu

Karani wa vyeti vya kuzaliwa hakuniangalia hata usoni. "Mama, kama hamjaoana, baba mwenyewe akuje asaini. Asipokuja tunaweka X." Akaziweka nne mahali pa jina la baba, kwa utulivu wa mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

Na mwanangu alikuwa na baba. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa pale mtaa wa Umoja, mlango wa tatu kutoka kwangu. Kila Jumamosi alituongoza kusali rozari huku mkewe akigawa chai. Nilikuwa nimemsihi mara tatu aende atie sahihi. Mara ya tatu aliniambia nisimharibie jina. Kumbe yeye alikuwa na jina la kuharibiwa, mwanangu ana X! Nilimchukia siku hiyo, chuki ya kutulia, isiyo na haraka.

Nikaenda kwa padri, nikitaka mtoto abatizwe kwa jina la marehemu baba yangu. Akakataa. Jina la kienyeji si la mtakatifu, akasema, chagua kwenye orodha. Nilianza kuisoma nikilia. Sikufika mbali. Jina la ubatizo la mwenyekiti lilikuwa pale, katika mstari wa tano, nami nikapangusa machozi.

Fomu ya ubatizo ilihitaji sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya. Nilimpelekea Jumamosi mbele ya akina mama wote, nafasi ya jina la mtoto ikiwa bado tupu. Angekataaje, na mkewe amesimama pale na birika? Akatia sahihi, ile ile aliyoinyima serikali. Nilipofika nyumbani nikajaza jina. Mwosha huoshwa.

Jumapili padri alimwagia mtoto maji, akalitamka jina kwa sauti. Mwenyekiti akashtuka kitini. Mkewe akamtazama yeye, kisha akamtazama mtoto na masikio yake yaliyochomoza kama ya mumewe, na hakuitazama altare tena.

Jioni mwenyekiti alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Dada, tafadhali, muite jina lingine lolote."

"Enda kwanza ukafute zile X," nikamwambia.

Hakwenda. Basi miaka yote ile ya tisini, kila jioni, nilisimama uwanjani nikaliita jina lile kwa nguvu zangu zote: njoo hapa, mchafu wewe, njoo uoshwe! Mtoto alikuja mbio. Na dirisha la nyumba ya tatu likafungwa.