Feni Sita na Salfa ya Mama

Admin, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, fundi simu, naishi Chuno hapa Mtwara na nina mtoto mmoja wa kike, Zuhura, miaka saba. Mke wangu yuko kwao Madimba, anakaa eda ya talaka niliyompa. Zimebaki siku chache iishe, na mimi nimechoka. Dukani nafungua mlango tu, nakaa.

Mwaka jana niliamua kuunda kompyuta ya kuchimba sarafu za mtandaoni, zile zinazopiga hesabu mfululizo na kukulipa kwa sarafu hizo. Mwezi mzima nilikuwa nachagua vifaa. Kadi za picha nne, zile wanazogombania wacheza gemu, maana ndizo zinazofanya kazi yenyewe. Mazabodi, yaani ubao mkuu, yenye nafasi ya kuzichomeka zote, pawa saplai ya kuzigawia umeme, kubwa isiyozidiwa, na feni sita za kupooza. Kasha la kuifunika ndilo sikununua. Niliona ni urembo tu. Seremala akanitengenezea fremu ya mbao, wazi pande zote, nikaiweka stoo kwa sababu kuna ubaridi.

Stoo hiyohiyo mama yangu huhifadhi salfa yake ya kupulizia mikorosho, maana shambani inaibiwa. Mfuko mmoja ulikuwa umeshafunguliwa. Mke wangu aliniambia, tena kwa upole kabisa, "Baba Zuhura, hizo feni zinavuta salfa. Nguo zangu tu zimejaa unga wa njano, hiyo mashine itapona?" Nikacheka. Nikamjibu, "Wewe wa kufua nguo utanifundisha kazi mimi fundi?" Akachukua nguo zake, akaenda kuzikung'uta nje.

Mashine ilifanya kazi miezi mitatu hivi. Asubuhi moja nikaikuta imezima, na sakafu imetoka kupigwa deki. Sikuuliza. Nilimfokea kwamba amemwaga maji kwenye mashine yangu, mama naye akaongeza yake. Mke wangu alikuwa analia, "Wallahi maji hayakufika huko." Hasira zikanipanda, nikamtamkia talaka moja. Akafunga nguo zake, akaondoka na mtoto. Mtaa mzima nikautangazia kwamba ameniunguzia mashine.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipopata moyo wa kuifungua. Maji hayakuwepo. Kila feni ilikuwa na unga wa njano, na shaba kwenye kadi zote nne imekuwa nyeusi, imelika. Nilinusa kitambaa nilichofutia. Ni harufu ya shambani kwetu wakati wa kupuliza. Niliona aibu. Nikarudishia kila kitu, nikafunga stoo, sikumwambia mtu.

Juzi nilikwenda Madimba kutaka kumrejea. Mjomba wake, ambaye kwao ndiye mwenye kauli, alinikaribisha vizuri, akaniuliza, "Haya mwanangu, binti yetu alikosa nini?" Nikasema tulikwazana tu. Akatikisa kichwa. "Kukwazana watu wote wanakwazana. Nenda kalitafute kosa lenyewe, uje ulitaje hapa, na mama yako awepo."

Wakati natoka, mke wangu alinisindikiza hadi kizingitini. Akaniambia, "Ukinirejea nitakuja, mtoto ana haki yake. Lakini usipolisema hilo la maji, usitegemee nitakuwa yule wa zamani."

Ndugu zangu, mama ameshawasimulia majirani wote hayo ya maji. Na mimi ni fundi, watu wananiletea simu zao kwa kuniamini. Najua kumrejea ni neno moja tu, na maadamu eda haijaisha naweza kulitamka hata leo bila kueleza chochote. Lakini nampenda, na namjua, akisema kitu amekisema.

Jana Zuhura alinipigia kwa simu ya bibi yake wa Madimba. Akaniuliza, "Baba, kweli mama alimwaga maji?" Nikamwambia sikusikii, mtandao unasumbua. Nilikuwa namsikia vizuri sana.

Nishaurini, nifanye nini? Amesema leo atapiga tena.