Tanuri la Mjapani Nyuma ya Jiko la Nyanya

Juzi nilienda Elburgon kuangalia boma la marehemu nyanya, na nyuma ya jiko nikakuta kuku ametaga ndani ya tanuri la Mjapani. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu, kisha nikaketi.

Huyo Mjapani alikuja kufundisha ufinyanzi katika chuo cha ufundi, akapanga chumba kwa nyanya. Akachimba mteremko wetu, akajenga tanuri refu lililopanda na kilima, akalilisha mabaki ya mbao za saiprasi kutoka kiwanda cha kupasulia mbao siku kadhaa karibu bila kulala. Sisi watoto tulibeba mbao hadi mabega yakachubuka, tukanuka moshi wa saiprasi hata kanisani. Nyanya, ambaye alifinyanga tangu usichana na vyungu vyake viliiva kwa moto wa nyasi kabla ya chai ya saa kumi, alimhurumia. Hata hivyo alitia chake kimoja humo.

Tanuri lilipofunguliwa, tulisongamana kuchungulia. Majivu yalikuwa yameyeyuka juu ya vyungu, yakaacha michirizi ya kijani kama kamasi. Cha nyanya ndicho kilichoharibika zaidi: kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mlevi. Mjapani akakikumbatia, machozi yakimlengalenga. Nyanya akaona huzuni imemzidi, akatuma habari. Kufikia jioni majirani walikuwa wamejaa uani na sukari, unga na jogoo, kila mmoja akimshika mkono. "Pole sana, kijana. Ajali haina kinga." Mzee wa kanisa akaomba. Mjapani aliwainamia wote huku akitabasamu, na jirani akanong'ona kwamba uchungu umempanda kichwani.

Siku ya kurudi kwao alikiomba kile kilichopinda, kwa mikono miwili. Nyanya akakataa katakata.

"Mtoto wa wenyewe aende kwao na kitu imepinda hivi? Watasema alikuwa anaishi na watu gani?"

Akamnunulia kingine sokoni, kimenyooka, kimepakwa rangi ya mafuta. Kile kilichopinda akakifanya cha kuwawekea kuku maji. Mjapani alipokea zawadi akilia, akigeuka kutazama banda la kuku, na nyanya alifurahi sana kwamba imempendeza.

Sasa hakuna moshi pale mteremkoni, wala sauti ya msumeno, wala nyanya wa kumnyima mgeni kitu kwa sababu ya heshima. Ninamkumbuka sana. Chungu nilikikuta pale pale bandani. Nimekiosha, nimekiweka sebuleni kwangu mtaani Section 58, mahali pa kuonekana.

Wageni wakikiona, huniambia pole.